Aliyeshika Fito

Mukendo, Musoma
4 Februari 2024

Mjomba Eliud,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila joto mwaka huu limetukomesha. Isaya yuko Kisorya kwa biashara yake ya dagaa, atarudi Jumamosi. Boke ameingia darasa la tano na tayari ni mwalimu wetu sote, anatusahihisha hadi tunavyotafuna. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tulipigiana kelele dakika kumi nzima na hakuna aliyeambulia kitu. Barua hii nampa Jeska, huyu anayeleta samaki huko kwenu Butiama.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa Bunda wanataka kumuenzi baba. Juni hii anatimiza miaka miwili tangu atutoke, na ile barabara aliyoichora akiwa afisa mipango miji mpya kabisa, ile inayopita nyuma ya kiwanja cha bibi, inawekwa lami. Wakazi wameunda kamati, mimi wamenifanya katibu, na wote kwa sauti moja wanataka iitwe Barabara ya Clementi.

Mjomba, ungewasikia! Wanasema hawajaona afisa mwingine aliyekataa kuchora mstari kabla hajala kwenye nyumba ambayo mstari utapita. Mwenyewe unamjua. Anabisha hodi mchana, anakaa, anakula ugali na chochote kilichopo, anauliza nani kazaliwa hapa, nani kazikwa hapa, kisima hiki kachimba nani. Ndipo anafungua ramani. Ndiyo maana hapa Mukendo bado tuna vichochoro vyetu na kisima chetu, na watu wanajuana majina.

Sherehe ni Jumamosi tarehe 15 Juni. Kamati inataka mtu mmoja wa upande wa ukweni kwake azungumze. Mama hayupo, bibi hayupo, umebaki wewe. Tena wewe ndiye uliyemshikia fito za kupimia kwenye barabara hiyohiyo ukiwa kijana. Nani mwingine atasema kama wewe?

Msalimie sana mkazamjomba Flora.

Mwanao,
Tabitha


Butiama
19 Februari 2024

Mpwa wangu Tabitha,

Marahaba. Jeska kafika, barua inanuka samaki na samaki wananuka barua, vyote nimevipokea. Flora anakusalimu. Ng'ombe mmoja kazaa ndama jike, nimempa jina la Katibu kwa heshima yako, maana naye analia tangu alfajiri akitaka watu wamsikilize.

Boke mwambie mjomba wa mama yake hutafuna anavyotaka.

Kuhusu sherehe, siji. Miguu inanisumbua, na Juni ni wakati wa kuvuna pamba, siwezi kuacha shamba nikakae kwenye viti vya plastiki kusikiliza hotuba.

Baba yako alikuwa mtu mzuri, sikatai. Shemeji kama yule hapatikani. Lakini mpeni barabara nyingine. Musoma kachora ngapi? Chagueni moja ya huko, muipake rangi, muiite jina lake na la babu yake. Hiyo ya Bunda iacheni kama ilivyo.

Mjomba wako,
Eliud


Mukendo, Musoma
3 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole na miguu. Ni ileile iliyocheza harusi ya Chacha mwezi wa kumi na mbili hadi watu wakakutuza? Na pole na pamba pia, ingawa Jeska ananiambia mwaka huu umepanda mihogo shamba zima.

Sisi wazima. Isaya karudi, Boke kapata malaria lakini kapona. Ndama mwenye cheo changu namsalimu.

Mjomba, mimi si mtoto. Ungesema hutaki, ningekasirika yakaisha. Lakini unanidanganya, na hujawahi. Nimekaa nikakumbuka mambo. Mama alikuwa akikucheka kwamba ukisafiri kwenda Mwanza unafunga macho basi likiingia Bunda. Bibi alipohamia kwako, ulimtuma mtu mwingine akamchukue na mizigo yake. Tangu ikatwe, hujawahi kukanyaga barabara ile. Una nini na barabara?

Kama baba alikukosea, niambie. Kama kuna mtu wa Bunda unayemwogopa, niambie. Jina lako nimeshaliandika kwenye ratiba, baada ya mchungaji na kabla ya kwaya, na sitalitoa kwa sababu ya mihogo.

Tabitha


Mukendo, Musoma
14 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita. Jeska anasema barua uliipokea, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni ukaondoka bila hata kununua samaki. Basi najua imefika.

Nimefungua sanduku la baba. Madaftari arobaini na moja, mjomba. Kila ukurasa nyumba moja, na chakula alichokula. "Kwa Mama Masatu, Mukendo: ugali wa muhogo, samaki furu, maziwa mgando. Watoto sita. Mwenye nyumba mkali, ana haki." Nimecheka, nimelia, Isaya kaja kuniuliza kama nina homa.

Halafu nikachukua daftari la kwanza. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu:

"Bunda, 1988. Nyumba ya mama mkwe. Sikula."

Basi. Ukurasa mzima mtupu. Mtu aliyekula kwenye nyumba za nusu ya mkoa huu, nyumba ya mkewe ndiyo hakula, na akaona ni jambo la kuandika. Wewe ulikuwepo. Kulikuwa na nini siku ile? Kamati wananidai jibu na mimi sina cha kuwaambia. Nakuomba, mjomba. Sikuombi tena kama katibu, nakuomba kama mtoto wa dada yako.

Tabitha


Butiama
28 Aprili 2024

Tabitha,

Salamu utazipata mwishoni, kama zitabaki.

Umechokonoa, haya chukua. Kwetu mkwe haingii uani kwa mama mkwe wake kienyeji, wala hali mbele yake. Wakikutana njiani kila mmoja anaangalia upande wake. Hilo hata wewe wa mjini unalijua. Sasa baba yako kaletwa Bunda kupima barabara, na mstari ukaja moja kwa moja hadi kwetu. Kwa majirani wote aliingia akaona kwa macho yake. Kwetu alisimama ng'ambo na darubini yake ya kupimia, akanituma mimi ndani na fito. Nilikuwaga na miaka kumi na tisa. Alikuwa akiinua mkono, nasogea, akishusha, nasimama. Jioni akaniambia mbele ya vijana wote, "Eliud ana jicho. Mstari wake umenyooka." Sikulala kwa furaha.

Kesho yake mama akaniita. Nyuma ya ghala letu kulikuwa na mdogo wetu, Gati. Alikufa kwa surua mwaka themanini na tatu, ana miaka minne. Mama yako alikuwa shule ya bweni, hakuwahi hata kumwona akizikwa. Mimi ndiye nilimbeba mgongoni kumpeleka hospitali na mimi ndiye nilimrudisha. Hatukuweka msalaba. Mama alichukua jiwe lake la kusagia, akaligeuza uso chini, akaliweka juu ya mtoto. Tangu siku hiyo alikuwaga anasagia kwa jirani.

Vigingi vyangu vilipita juu ya jiwe lile, Tabitha. Niliviona wakati navipigilia. Nikasema moyoni, shemeji hajasema kitu.

Mama akasema, "Mimi siwezi kusema na mkwe wangu. Nenda umwambie nani amelala pale." Nikasema ndiyo, mama. Nikaenda kazini, nikashika fito siku nzima, sikusema. Ningesema, mstari ungevunjika, na ule mstari ulikuwa wangu. Niliupenda hivyo. Alfajiri ya siku ya pili nikatoroka kwenda Kisorya, nikavuka hadi Ukerewe, nikakaa mwezi mzima navua na watu nisiowajua. Niliporudi sikufika Bunda. Nikaja huku Butiama, na huku nimekaa.

Kwa hiyo barabara yenu inapita kifuani kwa Gati, na aliyeipitisha ni mimi. Sasa mnataka kumwagia lami na kuandika jina la baba yako juu yake, na mimi nisimame baada ya mchungaji niseme alikuwa mtu wa watu! Toa jina langu kwenye ratiba. Usipolitoa nitakuja, na kwa nitakayosema kwaya haitaimba tena.

Salamu hazikubaki.

Eliud


Bunda
19 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda cha Gloria, huyu anayetutunzia kiwanja cha bibi. Sijui nianzie wapi, basi naanza na hili: haipiti.

Haipiti, mjomba! Barabara inatoka stendi imenyooka, ikifika nyuma ya kiwanja cha bibi inajikunja kushoto, inazunguka kichaka cha minyaa, halafu inarudi kwenye mstari wake. Bodaboda wanaiita Kona ya Mlevi. Wanasema aliyeichora alikuwa amelewa. Nimekua nikilisikia hilo kila likizo, nikirudi Musoma nalia. Nilimuuliza baba mara mbili, na mara zote mbili alinijibu, "Barabara nayo ina adabu yake," akaenda zake.

Nilipopata barua yako nikarudi kwenye daftari. Mstari ule mmoja ulinifanya nidhani yameisha, kumbe nyuma ya karatasi kaandika tena. Nakunakilia kama ilivyo:

"Leo fito hazina mtu, Eliud haonekani. Mama mkwe kakaa chini nyuma ya ghala tangu asubuhi, kanyoosha miguu, kanipa mgongo. Vijana wanauliza tumtoe. Nimewakataza. Hatukusemezana, sikumkaribia. Saa tisa nimehamisha vigingi hatua kumi na mbili. Hakuinuka hadi cha mwisho kilipong'olewa. Sijui nini kipo pale, na si mimi wa kuuliza. Kuanzia leo sichori mahali ambapo sijala."

Ndiyo hiyo, mjomba. Ndipo alipoanzia. Hayo madaftari arobaini na moja, hicho kisima chetu, yote haya tunayomsifia.

Sasa nami nina langu, na nimekuficha tangu Februari. Kontrakta alipouliza kama familia ina pingamizi kona ikinyooshwa, nilisaini siku hiyohiyo. Kwa furaha! Nilitaka jina la baba likae kwenye barabara isiyochekwa na mtu. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeuliza maswali. Ungeniuliza, tusingefika hapa. Nimekosa, mjomba, nimekosa sana.

Greda linaingia Jumatatu tarehe 10 Juni. Nimemwendea mhandisi, anaitwa Mniko, si mtu mbaya ila ana haraka. Nimemwonyesha daftari. Anasema daftari halitaji kaburi popote, linataja mama aliyekaa chini, na karatasi yenye saini anayo mkononi. Anataka mtu aliyeona kwa macho yake, amwonyeshe pa kusimama. Mimi nimeingia kwenye minyaa nikatoka na mikwaruzo, sijui hata natafuta upande gani.

Aliyebaki anayejua ni wewe. Njoo. Ukitaka kunisema, nitapiga magoti uniseme yote, lakini njoo kabla ya tarehe kumi.

Tabitha


Mukendo, Musoma
4 Juni 2024

Mjomba,

Jana Jeska amekuta mlango wako umefungwa na ndama analia kwa jirani. Jirani hajui mmeenda wapi. Naituma hii kwa konda wa basi aipenyeze chini ya mlango.

Zimebaki siku sita. Kama umekimbia tena, sema tu, nijue nitakaa mimi mbele ya greda peke yangu.

Tabitha


Bunda, kwa Gloria
7 Juni 2024

Mpwa wangu Tabitha,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kama una hasira. Mimi na Flora tuko Bunda tangu Jumapili. Kama umeniandikia wiki hii sijaiona, nitaisoma nikirudi. Hii nampa dereva, uipate leo leo.

Siku ya kwanza sikufika. Nilitembea kutoka stendi, nikaiona minyaa kwa mbali, nikageuka, nikarudi gesti nikamwambia Flora jua kali. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Flora akasema, "Mzee, jua hili lipo hata Butiama," akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka.

Kona nimeiona. Ni mbaya kweli, mwanangu. Ningemshikia mtu fito nikatoa mstari wa namna ile, baba yako angenitimua kabla ya chai. Nikasimama pale nacheka peke yangu, bodaboda wananipigia honi.

Nikaingia na panga. Utomvu wa minyaa ukaniingia jichoni, kwa hiyo ukiambiwa mjomba wako alilia, nusu ilikuwa minyaa. Jiwe lipo. Limezama, limebaki mgongo tu. Nikapenyeza vidole chini yake nikakuta ule ubonde, pale mkono wa mama ulipokuwa unapita miaka yote akisaga. Nikakaa. Flora akaniacha.

Sikia neno hili, sijamwambia mtu. Mama aliishi kwangu miaka kumi na mitano. Kila mwaka, mvua zikikatika, alikuwaga ananiuliza, "Eliud, hujaenda tu kuiona barabara yenu?" Nilidhani ananichoma. Nilikuwa naondoka mezani. Kumbe alikuwa ananituma mara ya pili, nayo sikwenda. Kaingia kaburini ananingoja niseme mwenyewe. Yeye na baba yako hawakuangaliana usoni na wakaelewana. Mimi niliyekuwa naongea na wote wawili, ndiye nilinyamaza.

Leo asubuhi Mniko kaja na vijana wake na vyombo vyao, wanahakiki vigingi. Nikakaa chini kwenye jiwe, nikanyoosha miguu, nikampa mgongo. Akapiga kelele weee! Akanisomea karatasi, akanisomea na saini yako. Nikamwambia, "Huyo ni mpwa wangu, saini ni yake ya halali, ila alikuwa hajui kitu. Aliyeshika fito hapa ni mimi." Akauliza fito gani. Nikamwambia, "Kaa kwanza ule, ndipo nitakuambia." Akasema hana muda. Nikasema mimi ninao.

Gloria akasonga ugali wa muhogo, furu wa kukaanga, mchicha. Akauleta palepale kwenye minyaa, akaweka na maji ya kunawa. Vijana wakamwangalia bosi wao. Saa nane njaa ikamwambia akae. Kanawa, kamega, tonge la tatu akaniuliza, na mdomo umejaa, "Mzee, hapa kazikwa nani?"

Nikamwambia. Jina lake, umri wake, ugonjwa wake, na nani alimbeba. Nikamwambia na ule ujumbe nilioufungia mdomoni miaka thelathini na sita. Akamaliza kula, akawaambia vijana wang'oe. Vigingi vinane, nimevihesabu. Anasema ofisini kwake watamsumbua, atahitaji barua mpya ya familia, nawe uifute ile ya kwanza. Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Panda basi kesho, uje na kalamu.

Jina mpeni, sasa sina neno. Kibao kisimame kwenye kona, si stendi. Na kwenye ratiba niache palepale, baada ya mchungaji. Nitasema yote, hata kwaya wakitaka kuondoka waondoke.

Kisha uje na lile daftari la kwanza. Neno la baba yako usiliguse, liache kama alivyoliandika. Pale chini kuna nafasi ukurasa mzima, nami nataka mstari mmoja tu, nitauandika kwa mkono wangu:

"Bunda, 7 Juni 2024. Nyumba ya mama mkwe. Tumekula."

Mjomba wako,
Eliud